Simu ya Mama Yenye Kamera Nne

Simu niliyomnunulia mama ilikuwa na kamera nne mgongoni. Nilizihesabu kwa kidole kabla sijatoa hela. Muuza simu, ambaye ndiye pia fundi simu wa pale sokoni Mbinga, meza yake inatazamana na cherehani yangu, aliniangalia nikihesabu na hakusema kitu. Miezi mingi baadaye ndipo aliponiambia kwamba mbili kati ya hizo nne zilikuwa vioo vitupu, zimewekwa kwa urembo. "Dada, ungeniuliza ningekwambia." Nilimtukana kwa macho. Mimi ni fundi nguo, nimeshashona mifuko ya uongo kwenye makoti ya watu wazima na heshima zao, kwa hiyo aibu ya kudanganywa namna hiyo ilikuwa yangu peke yangu.

Siku hiyo aliniwekea mezani simu mbili za bei moja. Ya kwanza ilikuwa kubwa, nzito, ya bluu inayong'aa. Betri ya kukaa siku tatu, spika ya kusikika hadi kwa jirani, tochi kali, kioo kipana, laini mbili na bado ina nafasi ya memori kadi. Ya pili ilikuwa ndogo, nyeusi, haina mbwembwe, kamera mbili, na betri ya siku moja tu, tena ukiibembeleza. Nilipoinua ile ndogo niliona kama jamaa ananipunja.

"Kwa betri na kioo, hiyo kubwa haina mpinzani," alisema. "Lakini kampuni ya hii ndogo inaleta apdeti. Kila baada ya muda simu inajiboresha ndani, inakuwa kama mpya, miaka minne, mitano. Hiyo kubwa, kampuni yake ikishakuuzia ndiyo basi. Apdeti yake utaisubiri hadi uchoke."

Nilimuuliza kama apdeti inaliwa. Mama yangu anakaa Lituhi, kule ziwani, nikamwambia, umeme wa kule ukiamua kukatika unakatika kweli, na anachohitaji ni simu inayokaa na chaji na yenye sauti ya kusikika. Habari za kujiboresha ndani atazifanyia nini? Muuza simu akainua mabega. Nikalipia ile kubwa pamoja na kava la maua.

Niseme ukweli, sikuinunua kwa ajili ya mama peke yake. Kwetu tumezaliwa watatu na binti ni mimi tu. Kaka zangu wako mbali, wanampigia mama sikukuu kwa sikukuu. Mimi niliolewa huku milimani, kwa Wamatengo wenye kahawa yao, na ziwa naliona mara mbili kwa mwaka, Pasaka na baada ya mavuno. Hata hivyo mambo yote ya mama yalikuwa yanapita kwangu. Akiumwa kiuno, naambiwa mimi. Akigombana na jirani kuhusu chanja cha kuanikia usipa, wale dagaa wa ziwani kwetu, naambiwa mimi kabla ya padri. Nafasi hiyo niliipenda kuliko ninavyoweza kueleza bila kuona haya, na nilitaka simu yenye kioo kikubwa ili niendelee kuikalia.

Niliipeleka mwenyewe. Kabla ya kumkabidhi mama, niliitengeneza kama tunavyotengeneza simu zote za ufukweni. Asiyeishi kule hajui taabu hii. Ukikaa karibu na maji, simu inanasa mtandao wa ng'ambo, wa Malawi, ukiteremka kusini zaidi hata wa Msumbiji. Ghafla saa inarudi nyuma saa nzima, watu wanachelewa kanisani, na vocha inakatwa kana kwamba umesafiri. Kwa hiyo cha kwanza mtu wa kwetu anachofanya na simu mpya ni kuifunga isirukeruke. Niliingia kwenye mipangilio nikazima kila kilichoandikwa "otomatiki". Saa ya otomatiki, nikazima. Kutafuta mtandao kwa otomatiki, nikazima. Kulikuwa na mstari wa tatu chini kabisa, sikuusoma hadi mwisho, nikauzima na wenyewe. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka akisikiliza milio ya simu na kutabasamu.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wangu. Kila Jumapili baada ya ibada nilimpigia kwa video, naye akapokea. Mara nyingi nilikuwa naona paji la uso na bati la nyumba, lakini bati hilo nalijua, nimelala chini yake nikiwa mtoto. "Unaniona, mama?" Nilikuwa namuuliza kila mara, kwa majivuno ya aliyelipia kioo. "Nakuona, mwanangu," alikuwa anajibu.

Mwaka uliofuata alipangisha chumba cha mbele. Shule ya msingi ilikuwa imeletewa mwalimu mpya, binti kutoka Kondoa, Mwislamu, anakuja ufukweni kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nilimkuta Pasaka nilipoteremka. Mdogo wa mwili, mtandio wa kijivu, sauti ya taratibu. "Shikamoo dada." Nikamwitikia huku macho yangu yakiwa kwenye simu yake. Ilikuwa ya mtumba, ndogo, ya zamani kuliko ya mama, kioo kimepasuka kwenye kona, na kifuniko cha nyuma amekibana kwa mpira. Nilifurahi, nisifiche. Nikachukua simu ya mama mezani nikaifuta vumbi ambalo halikuwepo.

Tukiwa tunakunywa chai, kile kisimu chake kikalia. Mwalimu akakiangalia, akacheka kidogo. "Sasisho tena. Mwezi uliopita tu nimelipata."

Mwezi uliopita! Ya mama ilikuwa imetimiza mwaka na ushee bila kupata apdeti hata moja. Niliingia kwenye mipangilio yake, nikabonyeza pale pa kuangalia, simu ikafikiri, ikaniandikia kwamba iko kwenye toleo la karibuni kabisa. Niliwahi kusikia wivu wa nguo na wivu wa mume, lakini siku ile nilipata wivu wa simu, tena ya mtu asiye na hata kava.

Haukupita muda mrefu programu ya kupigia video ikaanza kumtishia mama. Ikasema, mpangaji ndiye aliyemsomea, toleo la simu yake ni la zamani, huduma itakoma. Na kweli, Jumapili moja nikapiga, ikakataa. Nikapiga tena, ikakataa. Ile simu ya bluu yenye betri ya siku tatu, iliyokuwa imejaa chaji hadi juu, ikabaki ya kuongea kwa sauti tu, sawasawa na simu ya kitochi.

Nilivuka njia hadi kwa muuza simu. Sikutaka aseme alinionya, naye akawa muungwana, hakusema. Alitafuta kwenye simu yake, akanisomea tangazo la kampuni. Sasisho la aina ile ya simu lipo, litatolewa kwa awamu, nchi baada ya nchi.

"Awamu ya kwetu ni lini?"

"Hawajaandika, dada."

Nilingoja miezi. Nilimaliza kushona sare za muhula mmoja nikaingia za muhula mwingine. Nguzo za umeme zenyewe zilifika vijijini kwetu kwa awamu, lakini angalau nguzo unaiona ikiwa imelazwa kando ya barabara, unajua siku moja itasimamishwa. Hili sasisho halikuwa na cha kuonekana. Nilijikuta namchukia mtu nisiyemjua, amekaa kwenye ofisi ya nchi nisiyoijua, anayejua jina la simu ya mama na hafanyi haraka.

Kisha Jumapili moja ikaingia simu ya video kutoka namba ya mwalimu. Nikapokea, na mama akajaa kwenye kioo changu, uso mzima, si paji peke yake. Picha safi, haikatikikatiki. Amesukwa nywele. Nani aliyemsuka? Nilimsuka mimi mara zote, Pasaka na baada ya mavuno, na katikati alikuwa anafunga kitambaa. Nilimsalimia mama na moyo wangu ukiwa kwenye nywele zile, mistari imenyooka, mkono wa mtu asiye na haraka.

Nilichokichukia zaidi ilikuwa sauti ya mwalimu. Yeye ndiye aliyeshika simu, hakuonekana, ila hakunyamaza. "Mama, dada leo amevaa gauni la bluu lenye maua meupe, mikono mirefu. Amefunga kilemba. Amekonda kidogo hapa mashavuni, lakini anacheka." Kila Jumapili hivyo hivyo. Leo dada amevaa kijani. Leo dada yuko sokoni, nyuma yake kuna sare zimening'inizwa, za shati jeupe. Dada ana miwani leo. Mimi mwenyewe niko pale, mama mwenyewe yuko pale, na katikati yetu amejiweka mtangazaji. Tena ananielezea nguo mimi, niliyezishona! Nilikuwa namwona kama mgeni anayekaribishwa chai halafu anaanza kukaribisha wenzake.

Mama akawa anamtaja sana. Mwalimu amenichotea maji. Mwalimu amenisomea barua ya kanisa. Ulipofika mwezi wa Ramadhani, mama alikuwa anampikia mwalimu uji wa futari, aliniambia, uji wa ulezi, na sauti yake ilikuwa imechangamka kama ya mtu aliyepata kazi. Mimi huo uji mara ya mwisho alinipikia nilipojifungua. Na ilikuwa kwenye habari hiyo hiyo ya uji ndipo nilipomsikia akigeuza kichwa na kumwambia mwenye simu, "Sogeza kidogo, mwanangu." Wiki chache nyuma alikuwa bado anamwita mwalimu.

Baada ya hapo nikaacha kupokea simu za namba ile. Sikutangaza. Hata kuteremka sikuteremka mwaka huo, Pasaka wala baada ya mavuno, nikisingizia kazi. Ilikuwa inaita, naiacha inaita, na jioni nampigia mama kwa sauti kwenye simu yake ya bluu namwambia nilikuwa na kazi. "Tutaonana simu yako ikipata sasisho," nikamwambia. "Limefika?" Halijafika, alisema. Kila wiki niliuliza, kila wiki halijafika. Ningeweza kumwomba mwalimu aangalie, ni kubonyeza mara tatu tu. Nikaona bora nife. Hata nilimwambia mama asimpe mtu yeyote simu ile aichezee, wataiharibu. Mama akasema, "Haya, mwanangu."

Shule zilipokaribia kufungwa mwisho wa mwaka, mwalimu alinipigia siku ya kazi, asubuhi. Niliacha. Akapiga tena, na tena. Simu ilikuwa inatetemeka juu ya vitambaa hadi muuza simu akaniita kutoka upande wa pili, "Dada, simu yako." Nikamjibu najua. Ikaingia meseji na sikuifungua. Niliifungua kesho yake mchana, tena kwa kuteleza, nikitafuta vipimo vya mteja. Ilisema shikamoo dada, mama amepata nafasi ya kupasuliwa macho hospitali ya misheni, wanaanza na jicho moja, ni kesho, anakuulizia sana.

Kesho yenyewe ilikuwa siku ile niliyokuwa naisoma. Upasuaji gani? Macho yapi? Nilifunga cherehani na kazi za watu zikiwa juu yake.

Niliingia wodini siku iliyofuata, saa nne asubuhi. Nilimwambia muuguzi ninayemtafuta, akasema ah, yule mama, binti yake ameondoka alfajiri kuwahi basi. Nikasema binti yake ni mimi. Muuguzi hakunibishia. Alifungua faili akaniangalia mimi, akaliangalia faili. Nikachungulia. Pale panapoulizwa ndugu wa karibu na uhusiano wake na mgonjwa, palikuwa na jina la mwalimu, na mbele yake, kwa ule mwandiko wa ubaoni usio na kosa, "binti".

Niliona wivu ambao sijawahi kuuona tena wala sitaki kuuona. Mama yangu kalala na bandeji usoni hatua kumi kutoka nilipo, na mimi nimesimama natamani kuichana ile karatasi.

Mama alinijua kwa hatua zangu. Alinipapasa mikono, akauliza kama nimekula. Nikamuuliza macho yalianza lini kumsumbua. Akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ukungu ulianza kabla sijamletea ile simu, ulikuja polepole, na mwaka uliofuata hakuna sura ya mtu aliyekuwa anaiona tena, vivuli tu. Nyumbani anatembea kwa mazoea, na sauti za watu anazijua.

"Nilikuwa nakuuliza kila Jumapili kama unaniona."

"Ulikuwa umeifurahia sana ile simu, mwanangu. Kioo kikubwa, uliniambia. Ningekwambiaje kwamba naona taa tu?"

Akaendelea, bila kujua anachonifanyia, kwamba simu ya mwalimu nayo alikuwa haioni, lakini mwalimu ndiye aliyegundua, wiki ya kwanza tu, kwa jinsi mama alivyopokea kikombe. Akawa anamwelezea. "Alikuwa ananisomea wewe, kama anavyowasomea watoto kitabu. Leo amevaa hivi, leo amekonda. Nilikuwa najua nguo zako zote." Akaniachia mikono. "Halafu ukawa hupokei."

Mimi nilikaa siku nne nzima Pasaka kwenye nyumba ile na sikugundua chochote. Nilikuwa nakiangalia kisimu cha mpangaji.

Bandeji waliitoa mchana. Mama alipepesa, akatiririkwa na machozi, akaniangalia muda mrefu akasema nimeota mvi. Aliona dirisha, aliona muuguzi ana mimba, akampongeza. Kila mtu wodini alicheka kwa furaha na mimi nililia, na sehemu ya kilio changu, nakiri, ilikuwa ni nafuu kwamba wa kwanza kuonwa ni mimi na siyo yule mwingine. Mwalimu asingeweza kungoja. Alikuwa ameshakata tiketi, na Kondoa ni mbali, na yeye ana mama yake.

Nilimrudisha mama Lituhi nikakaa naye wiki mbili, nikimtia dawa ya jicho mara nne kwa siku. Siku ya tatu, sina kazi, nilichukua simu ya bluu nikaingia kwenye mipangilio nikabonyeza pale pa kuangalia. Simu ikafikiri. Ikaniandikia kwamba sasisho lipo tayari.

Nilimpigia muuza simu kumpa habari. Akashangaa kwa nini napiga kelele. "Hilo mbona lilitoka zamani, dada? Tangu watu wanavuna kahawa. Wateja wangu wote wa simu hiyo wameshalipata, linakuja lenyewe. Labda ulizima la otomatiki."

Niliteremka na ule ukurasa hadi chini kabisa. Mstari wa tatu. Nilisoma hadi mwisho sasa, na ulikuwa unasema kupakua masasisho kwa otomatiki. Kampuni ilituchelewesha zaidi ya mwaka, hilo ni lao, na sitawasamehe. Lakini ile miezi ya mwisho ilikuwa yangu. Nilifunga mlango kwa kuogopa mtandao wa Malawi, kisha kila wiki nikawa namuuliza mwanamke asiyeona kama kuna barua imeandikwa kwenye kioo, na aliyekuwa anaona nikamkataza asiguse.

Kulipakua kulichukua nusu siku. Nilikaa na kuinuka na simu ile, nikapanda nayo hadi kwenye kichuguu nyuma ya shule ambako mtandao wa kwetu unashika, nikanunua bando mara ya pili. Mama alikuwa amekaa nje karibu na chanja, anageuza usipa mmoja mmoja na kuwaangalia, kazi isiyo na maana yoyote, kwa raha tu ya kuwaona. Simu ilipojizima ikajiwasha, ikawa na rangi mpya na maandishi mapya, nilikuja mbio nikamwonyesha. Programu ya video ilifunguka bila kulalamika.

"Haya mama, tumpigie nani? Kaka?"

"Mpigie mwalimu."

Nikasema, nikijitahidi sauti isibadilike, kwamba mwalimu atarudi shule zikifunguliwa, ataongea naye hadi achoke, kwa nini tusiwaanze watoto wake mwenyewe.

"Nyie nawajua sura zenu," mama akasema. "Yule sijawahi kumwona."

Nilisimama pale na simu mkononi. Sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja. Mwalimu alifika wakati macho yameshakwisha, akaondoka saa chache kabla ya bandeji kutolewa. Karibu miaka miwili wamekaa nyumba moja, kasukwa naye, kasomewa naye, kashikwa mkono naye hadi mlango wa chumba cha upasuaji, na hamjui alivyo.

Nikapiga. Mama alisema niishike mimi, mikono yake ina harufu ya samaki. Mwalimu akatokea akiwa uani kwao, mtandio wa njano, nyuma yake mbuzi wawili. "Shikamoo mama! Mama, unaniona?"

"Nyamaza kwanza nikuangalie."

Mwalimu akanyamaza. Mama akasogeza uso karibu na kioo, akamwangalia paji la uso, macho, mdomo, akarudi kwenye macho. Mimi nimeshika simu natamani kuikata, kwa sababu kuna jambo sijalisema hapa bado, na nilikuwa nimeanza kulikumbuka. Ile Pasaka ya kwanza, nilipokuwa naondoka, nilimvuta mama pembeni nikamwambia ajihadhari na mpangaji wake. Nilimwambia ana uso wa ujanja, macho yake hayatulii. Nilisema tu, kwa uchungu wa siku ile, nikidhani mama ana macho yake, atanibishia akitaka. Mama alisema haya. Kwa hiyo muda wote ule, sura pekee ya mwalimu aliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ile niliyompa mimi, na hata hivyo alimpikia uji.

Mama alimaliza kumwangalia. Hakushusha sauti. Watu wa umri wake hawajui kwamba simu inasikia.

"Mwanangu, si uliniambia huyu ana uso wa ujanja? Mbona mimi siuoni?"

Nilisikia mbuzi akilia Kondoa.

Kisha mwalimu akacheka. "Mama, siku ile dada alipokuja nilikuwa naumwa jino. Shavu lote limevimba. Hata mimi nilikuwa najiogopa kwenye kioo."

"Pole sana," mama akasema. "Hukuniambia."

Hakuwa anaumwa jino. Tulikula samaki mbasa pamoja jioni ile ya Pasaka, akatafuna hadi kichwa. Wakaanza kuongea, mama akiuliza majina ya mbuzi, na mimi nikaendelea kuwashikia simu, mikono miwili, nimeinyoosha mbele kabisa nikiwa nyuma ya simu, upande wa zile kamera za uongo, ambako mwalimu hawezi kuniona.